TV Haijafa, Ila Mlango Wake Umepata Mwenyewe Mpya

Tangu Desemba 2025 ilipotangazwa kwamba tuzo za filamu za Oscar zitaondoka ABC, chaneli ya Marekani, na kuhamia YouTube kuanzia mwaka 2029, kila ukipita mtandaoni unakuta watu wanaizika TV. Na kweli habari yenyewe ni kubwa, maana ABC imezirusha hizo tuzo mfululizo tangu 1976, na anayezichukua safari hii si chaneli nyingine, ni mtandao ambao ulianza mwaka 2005 kama sehemu ya watu kupandisha video walizojirekodi wenyewe. Wanaoizika TV wanaongezea na ile takwimu ya Mei 2025 ya Nielsen, kampuni inayopima watazamaji wa TV, kwamba kule Marekani strimingi, yaani kuangalia vipindi kwa njia ya intaneti, ilifika asilimia 44.8 ya muda wote watu waliokaa mbele ya TV, wakati chaneli za hewani zilipata 20.1 na za kebo 24.1, yaani hata ukizijumlisha hizo mbili bado zimepitwa, na ilikuwa mara ya kwanza kutokea. Basi hitimisho likawa moja tu, TV kwisha habari yake. Mimi naona hapo tumeisoma vibaya kabisa hii hali. Intaneti haijaiua TV, imeichukua nzima nzima pamoja na tabia zake zote, matangazo ya biashara, ratiba, mechi laivu, vifurushi, ila kuna mambo mawili imeyaacha nje: habari ambazo gharama yake ilibebwa na vipindi vingine, na mawimbi yanayomfikia mtu bila kulipia kila anapowasha. Hayo mawili ndiyo yako hatarini, na sababu wote tuko bize kubishana kama TV imekufa au haijafa, hakuna anayeyaulizia.

Tuanze na hiyo takwimu maana ndiyo inayonukuliwa zaidi na ndiyo inayoeleweka kidogo zaidi. Ile ripoti ya Nielsen haipimi simu wala kompyuta, inapima kioo cha TV ndani ya nyumba. Kwa hiyo kwenye hiyo asilimia 44.8 ya muda, watu wanaosemekana wameikimbia TV walikuwa wanaangalia TV, wamekaa kwenye kochi na remoti mkononi, tofauti ni kwamba picha imeingia kwa waya wa intaneti badala ya antena. Tena ndani ya hiyo hesabu YouTube peke yake ilikuwa na asilimia 12.5, mbele ya Netflix iliyokuwa na 7.5. Na mapema mwaka huohuo 2025 bosi wa YouTube, Neal Mohan, alieleza kwamba Marekani TV imeshaipita simu kama kifaa kikuu cha kuangalia YouTube, na kwamba watu wanaangalia zaidi ya saa bilioni moja za YouTube kwa siku kwenye TV. Sasa wale wanaosema simu ndiyo imeua TV sijui hili wanaliweka wapi, kwa sababu mtandao mkubwa kuliko yote wa video umetoka kwenye simu ukaenda kukaa sebuleni.

Ili kuelewa nini hasa kimebadilika inabidi kukumbuka chaneli ilikuwa ni kitu gani. Masafa ya hewani ni machache, huwezi kurusha chaneli elfu kwa wakati mmoja, kwa hiyo serikali karibu kila nchi ilitoa leseni kwa wachache, na kwa kuwa walikuwa wachache ikawabebesha na masharti: lazima uwe na taarifa ya habari, lazima uwe na vipindi vya watoto, lazima usiwe na upendeleo wakati wa uchaguzi, kila nchi na orodha yake. Mwenye chaneli alikubali kwa sababu alichopewa kilikuwa na thamani kubwa, alipewa jioni ya watu wote. Tamthilia na mpira vilileta watazamaji, watazamaji wakaleta matangazo ya biashara, na hela ya matangazo ikalipa waandishi wa habari ambao peke yao wasingeweza kujilipia. Mfumo huo ulikuwa na ubovu wake mwingi, kuna sehemu serikali iliutumia kunyamazisha watu na kuna sehemu matajiri wawili watatu walimiliki kila kitu, sina hamu ya kuupamba. Ila ulikuwa mfumo, na kila kipande kilishikilia kingine.

Halafu ikaja Netflix. Ilianzishwa 1997 na Reed Hastings na Marc Randolph, ikawa inatuma DVD kwa posta, mwaka 2007 ikaanza strimingi, na Februari 2013 ikaachia msimu mzima wa tamthilia ya House of Cards siku moja, sehemu zote 13 kwa mpigo. Hapo ndipo kila mtu alipoona kwamba ratiba haina lazima. Hakuna kusubiri wiki ijayo, hakuna matangazo, bei ndogo, unalipa mwezi ukichoka unaacha. Kwa miaka kama kumi hiyo ndiyo ilikuwa ahadi ya strimingi na ilikuwa ahadi tamu kweli, na kila studio kubwa ikaona ikichelewa imekwisha, Disney ikaja na Disney+ Novemba 2019, wengine wakafuata 2020, wakawa wanatoa hela kama hazina mwisho.

Hizo hela zilikuwa na mwisho. Robo ya kwanza ya 2022 Netflix ilipoteza wateja laki mbili, robo iliyofuata ikapoteza karibu milioni moja, na mwaka huohuo Disney ilitangaza kwamba upande wake wa strimingi umepata hasara ya karibu dola bilioni 1.5 ndani ya miezi mitatu tu. Wenye hisa wakabadilisha swali, wakaacha kuuliza una wateja wangapi wakaanza kuuliza unatengeneza shilingi ngapi kwa kila mmoja. Na jibu lililopatikana, hapa ndipo naomba msomaji atulie kidogo, lilikuwa ni TV ileile ya zamani. Novemba 2022 Netflix ikaleta kifurushi chenye matangazo ya biashara, mwezi uliofuata Disney+ nao, Januari 2024 Amazon, ikianzia Marekani, ikaweka matangazo kwa wateja wa huduma yake ya strimingi ya Prime Video isipokuwa anayeongeza hela. Mwaka 2023 Netflix ikaanza kubana watu wanaochangia paswedi. Sehemu moja kwa wiki imerudi kwenye tamthilia nyingi kubwa, au msimu unakatwa vipande viwili ili mteja asilipe mwezi mmoja akaondoka. Huduma kama Pluto TV, ambayo Viacom ilinunua 2019 kwa dola milioni 340, na Tubi ambayo Fox ilinunua 2020 kwa milioni 440, zinarusha bure kwa matangazo, na Pluto ilijengwa tangu mwanzo juu ya chaneli zenye ratiba yake, unaingia unakuta kipindi kiko katikati kama zamani tu. Hata Netflix yenyewe ilijaribu chaneli ya ratiba kule Ufaransa mwaka 2020, na Juni 2025 ikatangaza makubaliano na TF1, chaneli kubwa ya biashara ya nchi hiyo, kwamba kuanzia 2026 chaneli za TF1 zitaonekana laivu ndani ya Netflix. Mtu aliyesema TV imekufa anielezee kwa nini huyo anayesemekana ameiua anaalika chaneli nyumbani kwake.

Sasa si kwamba wanaosema TV imekwisha hawana hoja, wanayo, tena nzito. Agosti 2024 kampuni ya Warner Bros. Discovery ilifuta dola bilioni 9.1 kwenye vitabu vyake kwa kukiri kwamba chaneli zake hazina tena thamani iliyokuwa imeandikwa, na wiki hiyohiyo Paramount nayo ikafuta karibu bilioni 6. Novemba 2024 Comcast, kampuni kubwa ya kebo ya Marekani, ikasema chaneli zake nyingi za kebo itazitenga ziwe kampuni nyingine. Uingereza mwaka 2025 Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ilisema YouTube imekuwa ya pili kwa kuangaliwa nyuma ya BBC, imewapita hata watangazaji wakubwa wa ITV. Na vijana, hilo halina ubishi, wengi hawajui hata chaneli gani iko namba ngapi. Kwa hiyo kama kwa neno TV mtu anamaanisha biashara ya kukusanya chaneli 100 kwenye kifurushi kimoja na kumlipisha mtu zote ilhali anaangalia sita, nakubaliana naye, hiyo inazama na haitarudi. Ninachokataa ni kuruka kutoka hapo mpaka kusema basi kila kitu kihamie mtandaoni leo. BBC ilijaribu hilo kwa chaneli moja. BBC Three, chaneli yake ya vijana, ilitolewa hewani Februari 2016 ikawa ya mtandaoni peke yake, hoja ikiwa kwamba vijana wako huko, na Februari 2022 ikarudishwa hewani. Kama kuna kundi ambalo mpango huo ulitakiwa kufanya kazi ni hilo la vijana, ila ukitoka kwenye ratiba unatoka pia kwenye macho ya mtu ambaye hakuwa anakutafuta, na watazamaji wengi wa kipindi chochote ni watu ambao hawakuwa wanakitafuta.

Upande wa pili wapo wanaojituliza kwamba mpira na matukio ya laivu vitaiokoa chaneli milele. Ni hoja iliyokuwa na nguvu zamani kidogo. Amazon ilichukua mechi za Alhamisi usiku za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, mwaka 2022, Netflix ikaonyesha mechi mbili za NFL siku ya Krismasi 2024, Januari 2025 ikaanza kuonyesha mieleka ya WWE Raw kwa mkataba wa miaka kumi unaozidi dola bilioni 5, na sasa ndio hizo Oscar zinaenda YouTube. Mwenye hela nyingi ndiye atakayeonyesha laivu, basi. Ila kuna jambo la kiufundi hapa ambalo halisemwi sana na lina uzito. Mnara wa TV ukirusha picha, iwe inaangaliwa na watu kumi au milioni kumi gharama ni ileile na hakuna anayemzuia mwenzake, kwa sababu wote wanadaka wimbi moja. Kwenye intaneti kila mtazamaji anatumiwa mkondo wake mwenyewe, kwa hiyo wakizidi njia inajaa. Pambano la Mike Tyson na Jake Paul Novemba 2024 lilionyesha hilo wazi, Netflix ilisema nyumba milioni 60 ziliangalia, na watu wengi sana walilalamika picha inaganda, inafifia, inazunguka tu. Kwa ngumi inaudhi halafu inaisha. Kwa mafuriko, tetemeko, au usiku wa kutangaza matokeo ya uchaguzi ni suala lingine kabisa, maana huo ndio wakati ambao wote wanaingia kwa pamoja na ndio wakati ambao mtandao wa simu huwa unalemewa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopendwa zaidi, ni ile ya uhuru: kwamba zamani bosi wa chaneli alikuchagulia na sasa unachagua mwenyewe. Hebu washa TV janja yoyote ya sasa uangalie ukurasa wa kwanza. Zile picha kubwa zilizopangwa pale juu hukuzipanga wewe, nyingine zimelipiwa, nyingine zimewekwa na algorithimu inayojua ulichoangalia jana, na kwenye remoti zipo batani zenye majina ya kampuni ambazo zimelipia ziwe pale. Bosi wa chaneli hajaondoka, amebadilishwa, na huyu mpya humjui jina wala huna pa kumlalamikia. Bosi wa zamani alikuwa na leseni ya kunyang'anywa, kuna mamlaka ungeweza kuiandikia barua. Na hata hicho ulichochagua si chako. Tamthilia ya Willow ilitoka Disney+ Novemba 2022, Mei 2023 ikaondolewa pamoja na vipindi vingine vingi, na haikutolewa kwa sababu imepitwa na wakati, ilikuwa haina hata mwaka, ni hesabu tu za kupunguza gharama. HBO Max nao 2022 waliondoa vipindi kwa makumi, mpaka Westworld ambayo ilikuwa moja ya tamthilia zao kubwa. Kipindi ambacho hakikuwahi kutoka kwenye DVD kikiondolewa hivyo kinakuwa hakipo, aliyekilipia hana, aliyekiigiza hana cha kuonyesha. Sitaki kusema zamani kulikuwa na uhuru zaidi, hapana, watu wamepata vitu vizuri sana kwenye huu mfumo, tamthilia ya Kikorea kama Squid Game mwaka 2021 isingepenya dunia nzima kwa wiki chache kupitia chaneli za kawaida, na mtu mwenye kamera na kipaji leo anaingia sebuleni kwa watu bila kumbembeleza mkurugenzi wa vipindi. Ninasema tu kwamba kuna mlango, na mlango una mwenyewe, na kujidai mlango haupo ni kumfanyia kazi huyo mwenyewe.

Tukishakubali hivyo ndio tunaweza kuona hasara iko wapi. Netflix mwisho wa 2024 ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 300, na haina chumba cha habari. Haina waandishi wa kwenda bungeni wala mahakamani, na haijawahi kudai kwamba itakuwa nao, ni biashara ya burudani na inafanya vizuri biashara yake. YouTube inabeba habari za watu wengine, inagawana nao matangazo, kwa video za kawaida mwenye chaneli anapata asilimia 55, lakini yenyewe haiajiri mwandishi wa kukaa miezi mitatu akifuatilia zabuni iliyopikwa. Kwa hiyo ile tamthilia ya saa mbili usiku iliyokuwa inailipia taarifa ya habari imehama, hela yake imehama nayo, taarifa ya habari imebaki peke yake. Magazeti yalipitia njia hiyohiyo matangazo yao madogo madogo yalipohamia mtandaoni, na kila mtu aliona yaliyotokea kwa magazeti ya mikoani na miji midogo. Wapo wanaojibu kwamba habari zipo tele, fungua simu tu. Zipo tele za kusambaza. Za kwenda kutafuta ndizo zinazopungua, na anayesambaza hawezi kusambaza ambacho hakuna aliyekwenda kukitafuta. Hapo hata habari za uongo zinapata nafasi kirahisi, kwa sababu kutunga hakuna gharama ya usafiri.

Na hiyo hela inaweza kuhama hata bila kuaga. Januari 2024 Amazon Prime Video ilisimamisha kuagiza vipindi vipya Afrika na Mashariki ya Kati, uamuzi wa kwenye meza moja mbali kabisa, watayarishaji waliokuwa wamejipanga wakabaki na miswada mikononi. Chaneli ya ndani ikiyumba walau inayumba na nchi yake, ina majengo, ina wafanyakazi, ina masharti ya leseni. Kampuni ya dunia nzima ikiona soko halilipi inafunga faili inaendelea na soko lingine, na kwa upande wa sheria haijakosea chochote.

Cha pili ni mawimbi yenyewe. Desemba 2022 mkurugenzi mkuu wa BBC wa wakati huo, Tim Davie, alisema wazi kwamba itabidi wajiandae kwa siku ambayo kurusha hewani kutazimwa na kila kitu kiwe intaneti. Kwa sasa TV ya antena kule Uingereza imehakikishiwa mpaka angalau 2034, na mjadala wa baada ya hapo umeshaanza. Mimi sipingi kuzima kwa sababu ya mapenzi na antena. Tatizo langu ni kwamba antena ukishainunua umemaliza, mzee anayeishi peke yake, mtu wa kijijini, mtu aliyeishiwa hela katikati ya mwezi, wote wanapata taarifa ya habari sawasawa na tajiri. Ukihamishia intaneti umeigeuza taarifa ya habari kuwa kitu cha bando. Hata kama aplikesheni yenyewe ni ya bure, njia ya kuifikia inalipiwa kila mwezi, na inayolipwa ni kampuni ambayo haina wajibu wowote kuhusu habari. Wengine watasema bei ya intaneti inashuka kila mwaka, na ni kweli sehemu nyingi inashuka, ila kushuka si kufika sifuri, na anayebaki nje ni yuleyule ambaye hana njia nyingine.

Zipo nchi zimeanza kuligusa hili suala kwa mkono sahihi, yaani kwenye mlango. Umoja wa Ulaya kwa maelekezo ya 2018 unataka huduma za strimingi ziwe na angalau asilimia 30 ya kazi za Ulaya kwenye orodha yao, na Ufaransa tangu 2021 inazitaka kampuni kubwa kuwekeza sehemu ya mapato yao ya nchi hiyo, asilimia 20 kwenda juu, kwenye kazi za Ulaya na za Kifaransa. Uingereza kupitia sheria yake ya vyombo vya habari ya 2024 inataka aplikesheni za chaneli za umma zionekane kirahisi kwenye TV janja, zisifichwe ukurasa wa tano nyuma ya waliolipia. Hilo la mwisho ndilo naliona la maana zaidi kwa sababu limeenda kwa watengenezaji wa TV wenyewe, watu ambao zamani hakuna aliyefikiria kuwawekea masharti ya utangazaji, walikuwa wanauza kifaa tu. Leo kifaa ni chambo. Walmart, kampuni ya maduka, ilimaliza kuinunua Vizio, kampuni ya TV janja, Desemba 2024 kwa dola bilioni 2.3, na mwenye duka hatoi hela hiyo kwa ajili ya vioo, anafuata matangazo na kujua nani anaangalia nini.

Ila sheria ya kuonekana kwenye ukurasa wa kwanza haimsaidii ambaye hana intaneti, na hapo ndipo masafa yanapoingia. Masafa yaliyobaki kwa TV ya hewani, 470 mpaka 694 MHz, kampuni za simu zinayataka kwa hamu kwa sababu yanafika mbali na yanapenya ukuta. Mkutano wa dunia wa masafa uliofanyika Dubai mwaka 2023 uliyajadili kwa ajili ya Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati, nchi chache zikaruhusiwa kuanza kuyafungulia simu, na mengine yakaachwa yajadiliwe tena 2031. Kampuni za simu zitakwenda 2031 na wanasheria na wahandisi waliojiandaa miaka yote hii. Nchi nyingi zitakwenda zikiwa zimeshaamini kwamba TV ilikufa zamani na hayo masafa ni ya kuuza tu, na zikiyauza, mtu asiye na bando hana tena kitu hewani cha kumfikia, na kuyarudisha hakuna nchi itakayokuwa na hela ya kuyanunua.